Tuurudie Msitu wa Jozani

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa



Kwanza kabisa natoa shukrani zangu kwa heshima niliyopewa ya kusimama katika ukumbi huu, ambamo zamani nilikuwa nikisimama kwa sababu nyingine, aghalabu baada ya kuchelewa. Katibu wetu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya utumishi wa umma na wajibu wa kijana aliyesoma. Nilimjibu kwamba mada nimeikubali, ila naomba ruhusa ya kuifikia kwa kupitia msituni. Nadhani aliona natania. Sikutania. Yale machache niliyojifunza kuhusu utumishi wa umma nilijifunza katika msitu wa Jozani, na sehemu yake moja nilijifunza kwa aibu.

Mwaka 1995 nilikuwa Kidato cha Pili. Mwalimu wetu wa Jiografia alitupakia katika gari la shamba, yale ya mbao yenye viti vya ubavuni, pamoja na sufuria la wali na ndoo mbili za maji. Tukaenda kiasi cha kilomita 35 kusini mashariki ya mji kwa barabara ya mashimo, tukiimba njia nzima. Tulipofika tuliingia msituni kwa kelele zile zile. Juu ya mti palikuwa na kundi la kima punju. Nyumbani kwetu nilikuwa nimesikia kwamba mnyama huyu ana sumu, kwamba ndiyo maana ya jina lake, kwamba mti anaoukalia hunyauka na mbwa anayemla hupukutika manyoya. Basi nikaokota jiwe nikalirusha.

Namshukuru Mwenyezi Mungu sikumpata. Mwalimu hakunichapa, ingawa siku zile bakora haikuwa na uvivu. Aliniambia tu, "Kaa hapo chini nusu saa, usiseme neno, kisha uniandikie ulichokiona."

Nilikaa. Dakika kumi za mwanzo niliona mbu. Baadaye nikaanza kuona. Niliona mgongo mwekundu na tumbo jeupe, uso mweusi, na nywele nyeupe zilizosimama juu ya paji kama za mzee aliyeamka sasa hivi. Niliona mama na mtoto wake kifuani. Niliona kwamba hawachumi ovyo, bali huchagua majani machanga na kuyaacha makavu. Na kwamba mkono wao hauna kidole gumba kama wetu, wanashika tawi kwa vidole vinne kama ndoana. Niliyaandika hayo yote. Mwalimu akanipa alama saba juu ya kumi, na chini yake akaandika kwa wino mwekundu: "Umeona. Sasa usisahau."

Ndugu zangu, nilisahau. Nitaeleza nilivyosahau, lakini kwanza niseme msitu wenyewe ni kitu gani, maana najua wapo hapa watu wazima waliozaliwa Unguja ambao Jozani wameiona kwa dirisha la gari tu, wakienda harusini Makunduchi au baharini Paje.

Jozani iko pale kisiwa kinapokuwa chembamba, kati ya Ghuba ya Chwaka upande mmoja na hori la Pete upande wa pili. Ardhi yake ni bonde juu ya mawe ya matumbawe. Mvua ya masika ikinyesha, maji hayana pa kukimbilia haraka. Yale yaliyo chini ya ardhi hupanda juu, na msitu husimama ndani ya maji. Ndiyo sababu ya kuwapo kwake. Kandokando yake ni uwanda wa mawe wenye vichaka vya kimo cha mtu, lakini pale penye maji utakuta mitondoo mirefu, michikichi, mikindu na mikadi. Sehemu ya mitondoo hiyo ilipandwa na watu wa misitu wenyewe, kwa hiyo tusidhani kwamba kila mti mkubwa umejiotea. Kuna mikono ya wazee wetu mle.

Ukivuka barabara kuelekea hori la Pete unaingia katika mikoko. Pale pamejengwa njia ya mbao juu ya maji, na mtu anaweza kutembea na viatu vyake vya Idi bila ya kuvichafua. Ukienda maji yakiwa yamekupwa utaona mizizi ya mkoko iliyojipinda kama miguu ya buibui, na ya mchu iliyochomoza juu kama misumari ili ipate kupumua. Utaona mbegu ya mkoko imekwisha kuota ingali juu ya mti, ikingoja kuanguka na kujichomeka matopeni. Ukirudi maji yakiwa yamejaa utaona visamaki vidogo baina ya mizizi hiyo hiyo. Wengi wa samaki tunaowanunua sokoni walilelewa mahali kama pale. Kijana anayesomea Baiolojia atajifunza hapo kwa asubuhi moja mambo ambayo ubaoni yatamchukua muhula mzima.

Serikali iliutangaza Jozani kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1960. Katika miaka ya 1990 eneo likapanuliwa hadi Ghuba ya Chwaka, na mwaka 2004 likafanywa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kiasi cha kilomita za mraba 50. Mwaka 2016 UNESCO ikaliingiza katika orodha yake ya hifadhi za dunia za binadamu na mazingira. Ndani yake wamo paa nunga, ambaye duniani kote anapatikana Unguja na katika misitu ya pwani ya Kenya tu, na ambaye amepungua sana kwa kuwindwa na kukatiwa vichaka. Wamo komba, ngawa na perere. Chui wetu wa Unguja wataalamu wengi wanaona amekwisha. Na yumo kima punju, asiyekuwa na kwao pengine ila visiwa hivi. Mwaka 1868 mtaalamu wa Uingereza, John Edward Gray, alimwandika kitabuni na kumpa jina la John Kirk, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi hapa Zanzibar. Wazee wetu walikwisha kumpa jina zamani, tena jina la lawama.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu.

Baada ya Chuo Kikuu niliajiriwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikapewa meza, kiti na faili la malalamiko ya wananchi. Ilikuwa imepita miaka michache tangu msitu kuwa Hifadhi ya Taifa. Siku moja ikaja barua ya mkulima wa kijiji kimoja kilicho ukingoni mwa msitu. Alilalamika kwamba kima wanamwharibia mazao, na akauliza Serikali itamsaidia nini.

Nilifurahi, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Wataalamu wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walikwisha kuandika mwaka 1999 juu ya kima punju na minazi ya Jozani. Wakulima walikuwa wakisema kwamba kima wanamaliza nazi. Wataalamu wale wakahesabu, mnazi kwa mnazi, vidaka vinavyoliwa na nazi zinazoangushwa. Wakakuta kwamba pale kima walipokula vidaka vingi mavuno hayakupungua. Tena yaliongezeka kidogo. Sababu waliyoitoa yaeleweka na kila mwenye mnazi: mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi huanguka vyenyewe. Anayevipunguza mapema huufanyia mnazi kazi ya kupogoa.

Basi nikamwandikia mkulima yule barua ya kurasa mbili, ya Kiswahili sanifu, nikamweleza kwamba utaalamu umethibitisha kuwa hasara anayoidai haipo. Nikaweka sahihi na muhuri. Nikaona nimetumikia umma.

Wiki tatu baadaye akaja mwenyewe ofisini. Mzee wa miaka kama sabini, kanzu safi, barua yangu imekunjwa ndani ya kofia. Nikampa shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Barua yako nimesomewa na mjukuu wangu. Kiswahili chake kizuri sana. Lakini mimi nilikuandikia habari ya ndizi, nawe umenijibu habari ya nazi."

Nikalifungua faili. Kweli. Barua ilisema migomba, na muhogo kidogo. Neno "mnazi" halikuwamo.

"Na tena," akaendelea, "mimi nilisema kima. Sikusema punju. Punju simdai kitu. Anakula majani yake. Mwizi wangu ni kima yule mwingine, wa kijivu. Wewe hujui kuwa wako wawili?"

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa najua. Nililijua tangu Kidato cha Pili, nilipokaa chini ya mti ule nusu saa. Lakini tangu siku ile nilikuwa sijatia mguu Jozani, na katika ofisi kima wote walikuwa wamegeuka neno moja ndani ya faili. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mzee hakunitukana. Alinialika. Jumamosi iliyofuata nililala kijijini, na kabla ya alfajiri tulikuwa tumepanda juu ya dungu lake. Kulipopambazuka wakaja kima wa kijivu, kimya kimya, mmoja akakaa juu kuwa mlinzi na wenziwe wakashuka kwenye migomba. Mzee akapiga debe, wakakimbia, na baada ya robo saa wakarudi. Baadaye wakapita punju juu ya mkungu, wakala majani yake bila ya kumjali mtu. Saa mbili asubuhi mzee alinitembeza shambani tukahesabu: mikungu ya ndizi minne imeharibiwa. Ilikuwa ndiyo ada ya mtoto mmoja, aliniambia.

Sitawadanganya kwamba mambo yaliishia vizuri. Fungu la kumlipa mzee yule ofisi yetu haikuwa nalo. Nilichoweza kufanya ni kuandika barua ya pili, iliyosema kweli: kwamba hasara ipo, kwamba anayeifanya ni kima huyu na si yule, na kwamba mtu anayeishi ukingoni mwa msitu analipa kodi ambayo sisi wa mjini hatuilipi. Nilimwomba radhi kwa ile ya kwanza. Mzee ameshafariki, Mungu amrehemu. Dungu lile ndilo chuo kikuu changu cha pili.

Nisieleweke vibaya. Utaalamu ule wa nazi ulikuwa sahihi, na ulikuwa na faida kubwa, kwa sababu uliwaondolea punju lawama isiyokuwa yao. Kosa lilikuwa langu, niliyeuchukua utaalamu wa jambo moja nikauficha nao ujinga wangu wa jambo jingine. Wala si kweli kwamba wanavijiji hawapati kitu. Tangu miaka ya 1990 uliwekwa utaratibu wa sehemu ya mapato ya wageni kurudi vijijini, na fedha hizo zimesaidia kazi za maendeleo. Kuna vijana wanaoongoza wageni, na kuna wafugao nyuki. Lakini mgawo wa kijiji hauzibi pengo la migomba ya mtu mmoja, na mama anayetafuta kuni hauliziwi na mwenyekiti wa kamati, anauliziwa na chungu chake. Msitu unaozungukwa na watu wenye kinyongo hauna ulinzi, hata ungewekewa askari chini ya kila mtondoo.

Tena wapo wanaolaumiwa zaidi kuliko wanavijiji, na wengine wao tumo humu ukumbini. Barabara inayopita msituni ilipotengenezwa vizuri katika miaka ya 1990, magari yalianza kwenda kasi na kima punju wakaanza kugongwa. Ikakadiriwa kwamba kwa wastani alikuwa akiuawa mmoja kila wiki mbili au tatu. Yakawekwa matuta, na vifo vikapungua sana, lakini havikwisha. Mkulima wa Pete hana gari. Sisi tunayo. Na kila mara nipitapo pale nakuta mtu wa mjini anapiga honi nyuma yangu kwa kuwa nimepunguza mwendo.

Hesabu kubwa ya kima punju wa Unguja, iliyochapishwa mwaka 2019, ilionyesha kwamba wapo zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Ni habari njema. Lakini hesabu hiyo hiyo ilionyesha kuwa si wote wamo ndani ya hifadhi. Wengi wanaishi mashambani na vichakani, kati ya watu. Wengine wao wamejifunza hata kula mkaa kutoka majikoni na kwenye matanuri, kwa kuwa mkaa unazuia ukali ulio katika majani ya mikungu na miembe wanayokula huko. Mnyama amejitahidi kujifunza kuishi nasi. Je, sisi tumejitahidi kiasi gani?

Hapa ndipo nilipokuwa nikielekea. Jozani ni mali ya umma. Maana yake si mali ya ofisi, wala si mali ya wageni wanaokuja na kamera. Lakini ukisimama mlangoni siku ya kawaida utaona wageni wanaingia kwa makundi, na Wazanzibari wachache wanaoingia ni wale walioajiriwa. Sisi tukipata siku ya mapumziko twaenda Forodhani, au twakaa barazani. Kisha ukifika wakati wa kuamua juu ya msitu, juu ya barabara, juu ya maji au juu ya kuni, tunaamua kwa kumbukumbu ya gari lililopita mbio. Nawaambieni kutokana na yaliyonipata: mtumishi anayeamua juu ya mahali asipopatembelea atajibu nazi alipoulizwa ndizi.

Kwa hiyo naleta pendekezo mbele ya Chama. Kila mwaka tutenge Jumamosi mbili za matembezi, moja wakati wa kiangazi ardhi ikiwa kavu, na moja baada ya mvua maji yakiwa yamepanda, ili vijana waone kwamba ni msitu mmoja wenye sura mbili. Sisi wa zamani tulipe gari na kiingilio. Wanafunzi waje na daftari na kalamu, na kila mmoja akae nusu saa kimya mahali pamoja, kisha aandike. Yaliyo bora yachapwe katika gazeti letu hili. Na mchana, kabla ya kurudi, tukae na wakulima wa kijiji kimoja, tuwasikilize wao, si wao watusikilize sisi.

Kwa watakaokwenda, masharti ni machache na yote ni ya adabu. Fuata njia na mfuate mwongozaji. Zungumza kwa sauti ya msikitini. Kaa mbali na kima hatua kumi, hata kama yeye ndiye anayekusogelea. Usimpe chakula: tumbo la punju limeumbwa kwa majani na matunda mabichi, na ndizi mbivu unayomhurumia nayo itamdhuru. Ukiwa na mafua, kaa nyumbani, kwa sababu maradhi yetu huwashika na wao. Ulichoingia nacho, toka nacho. Na ukiwa njiani, heshimu matuta.

Wanafunzi, mwisho nawageukieni nyinyi. Wapo kati yenu watakaokuwa madaktari, wahasibu, maafisa, na pengine mmoja atakalia kiti kile kile nilichokalia mimi, na faili lile lile mbele yake. Simuombei akili nyingi; skuli hii itampa. Namuombea awe mtu wa kwenda kuangalia kabla ya kutia sahihi.

Daftari langu la Kidato cha Pili ninalo hadi leo. Wino mwekundu umefifia, lakini unasomeka. Nililisahau agizo lile kwa miaka mingi, na aliyenikumbusha hakuwa profesa, alikuwa mkulima mwenye barua ndani ya kofia. Nyinyi msisubiri hadi mje kukumbushwa.

Gari la kwanza nitalipia mimi.